Uzoefu wangu: Toshiba Satellite ya 2011 na kile kitufe cha sifuri

"Bosi, nakupigia Windows 10 sasa hivi, elfu ishirini tu." Fundi alikuwa ameshashika flashi mkononi. Nikamwomba anipe siku moja.

Mashine ni Toshiba Satellite ya mwaka 2011, iliyokuja na Windows 7. Shemeji alikuwa ananiachia nimpe mdogo wangu wa chuo. Ilijaa takataka za kila aina. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga na kurudi bado inazunguka.

Kilichonizuia kwa fundi ni kitu nilichokiona nyumbani. Nilipoandika diskmgmt.msc (inaonyesha diski imegawanywaje) kwenye kisanduku cha Run, ilionekana patisheni, yaani kipande cha diski, ya gigabaiti kumi na kitu, haina herufi kama C au D. Humo ndimo kiwanda kilimoweka nakala ya Windows pamoja na draiva zake zote (programu zinazoendesha vifaa kama waifai na sauti). Ukipigiwa Windows kwa flashi, mara nyingi diski nzima inafutwa na patisheni hiyo inakwenda nayo. Ikishafutwa, na kama hukuwahi kuchoma nakala yake kwenye DVD, basi tena.

Picha na nyaraka za shemeji nilizihamishia kwenye diski ya nje, maana kila kitu cha C kinafutika. Nikazima kabisa, nikachomeka chaji, nikashikilia sifuri (ile ya juu ya herufi, si ya pembeni) huku nikibonyeza kitufe cha kuwashia. Mara ya kwanza niliachia mapema, ikawaka kama kawaida. Mara ya pili ikalia, likatokea onyo, nikachagua kurudisha hali ya kiwandani. Wenye HP za umri huo jaribuni F11, Acer ni Alt na F10, Asus ni F9.

Ilichukua kama saa moja, ikijizima na kujiwasha yenyewe. Msishtuke, na msiiguse.

Raha yake ni hii: waifai, sauti, hata vitufe vya kupunguza mwanga, vyote vilifanya kazi bila mimi kutafuta draiva hata moja. Windows ni halali na haikuniuliza namba ya ile stika ya chini, ambayo kwetu ilishafutika kitambo.

Ila mjue mnachorudishiwa ni 2011 yenyewe. Antivirasi ya majaribio ilishakwisha muda, saa ilikuwa imerudi nyuma miaka kwa sababu betri ndogo ya ndani imekufa, na kivinjari kilichomo kinakataliwa na tovuti karibu zote. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, kwa hiyo nilileta kivinjari kingine, Firefox ESR 115, kwa flashi. Sasisho ndizo zilinitoa jasho: tangu 2019 zinasainiwa kwa SHA-2 (sahihi ya kidijitali inayothibitisha zimetoka Microsoft), na Windows hii iliyotoka kiwandani haiitambui sahihi hiyo. Nililazimika kuweka kwa mkono sasisho mbili, KB4490628, kisha KB4474419, ndipo nyingine zikaanza kuingia. Hata hivyo zinakomea Januari 2020, Microsoft ilipofunga huduma. Mambo ya benki nimemwambia mdogo wangu afanyie kwenye simu.

Nyota nne kati ya tano. Anaandikia kazi zake za chuo, inawaka chini ya dakika moja. Fundi naye hakukosa: nilimrudishia mashine abadilishe betri ya saa, akachukua elfu tano.