Injini Iliyohukumiwa Bila Kupimwa

Noah yetu inatembea leo kwa injini ya mtumba niliyofungiwa katika gereji moja ya Chake Chake, na kwa haki ya Mungu sina lawama juu ya ufungaji wenyewe: haivuji oili, haipandi joto, na milima ya Pemba inaikwea vizuri. Anayetafuta mafundi wenye mikono mizuri ya kufunga nitamwambia awaendee. Kilichonitia hasira, na mpaka sasa nikikikumbuka usiku usingizi hunipaa, ni namna walivyoamua kwamba injini yangu ya zamani imekufa.

Msimu wa karafuu uliopita, paipu ya maji ya rejeta ilipasuka njiani na gari likachemsha. Mdogo wangu aliyekuwa akiendesha alilizima mara tu alipoona mshale wa joto umepanda. Gereji walipochomoa kijiti cha oili walikuta imekuwa nyeupe kama tui. Hiyo ni dalili kwamba maji yameingia kwenye oili, lakini haionyeshi yamepita wapi: huenda gasketi, ile karatasi ya kuziba katikati ya silinda hedi na bloku, imeungua; huenda silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda au imepata ufa; huenda bloku yenyewe, yaani kiwiliwili cha injini, imepasuka, na gharama za mambo hayo hazikaribiani hata kidogo. Ndiyo maana mtu hupima kwanza, kisha akaamua kama injini inafaa kufanyiwa matengenezo au kubadilishwa.

Mkuu wa gereji hakupima chochote. Baada ya kuifungua alitangaza kwamba bolti za silinda hedi zimeng'oa nyuzi, ile mikato ya ndani ya tundu inayoshika bolti, ndani ya bloku, kwamba injini ile ni ya kutupwa, na kwamba yeye mwenyewe anayo nyingine iliyotoka Japani. Sikukana kwamba jambo hilo hutokea. Injini za Toyota za ukoo wa AZ, kama ile yetu, zinajulikana kwa kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa bloku yake ni ya aluminiamu. Lakini inajulikana pia kwamba tundu lililoharibika huweza kutobolewa upya na kuvalishwa nyuzi za chuma. Kwa hiyo nilimwambia, "Mwanangu, nionyeshe hilo tundu, na uiwekee silinda hedi rula tuone kama imepinda." Akanijibu mbele ya vijana wake: "Bi Mkubwa, injini ni mambo ya wanaume. Wewe sema pesa ipo au haipo."

Nina umri wa kumzaa. Vijana wale waliinamisha vichwa kwa haya; yeye hakuona haya. Nilipoomba basi hiyo ya mtumba ipimwe kompresheni, yaani nguvu yake ya kubana hewa ndani ya silinda, kabla sijalipa, maana hakuna aliyejua imetembea umbali gani wala ilitunzwaje huko ilikotoka, alisema kwamba asiyemwamini aende kwingine. Gari lile ndilo linalompeleka mama yangu kliniki. Nililipa.

Siku ya kulichukua nilidai vyuma vyangu vya zamani. Nikapewa silinda hedi peke yake. Bloku, nikaambiwa, imeshachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Silinda hedi ile niliivusha kwa boti kutoka Mkoani hadi Unguja, kwa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe ambaye hanijui wala simjui. Aliisafisha, akailaza rula ya chuma juu yake kwa marefu na kwa mshazari, akajaribu kupenyeza chini ya rula kipimo chembamba cha unene wa milimita 0.05, ambacho ndicho kikomo cha kupinda kwa injini ile. Hakikupenya popote. Akaijaribu kwa maji ya presha, na ufa haukuonekana. Kwa maneno yake, ilihitaji kusagwa valvu, gasketi mpya na bolti mpya.

Inawezekana bloku ilikuwa mbovu kweli, na katika hali hiyo kununua injini nyingine lingekuwa jambo la busara, hasa kwa kuwa kisiwani kwetu vifaa vya kuvalisha nyuzi si rahisi kupatikana. Sitamzulia mtu. Lakini bloku ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee wa neno lake, ilikuwa mali yangu, na iliondoka bila ya idhini yangu. Kila nikilifikiria hilo naona sifa niliyoanza nayo imezidi. Nilisema anayetafuta mafundi awaendee. Naliondoa neno hilo. Asiende, na kama hana budi kwenda, afuatane na mtu anayejua kupima, na asiruhusu kipande chochote cha injini yake kitoke pale kabla hajakiona kwa macho yake.

Kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani, kwa sababu risiti ya kuonyesha hii mpya imetoka wapi niliahidiwa na sijaipata. Nikipiga simu, hupokea mmoja wa wale vijana na kuniambia kwa upole kwamba mkubwa wao ametoka.