Holoclar: utando wa seli kwa konea iliyoungua

Tindikali au chokaa ikiingia jichoni, hasara kubwa huwa kwenye ukingo wa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, pale inapopakana na weupe wa jicho. Hapo ndipo zinapokaa seli shina zinazozalisha upya ngozi ya juu ya konea. Zikifa, ngozi ya weupe hutambaa na mishipa yake ya damu hadi katikati, na mtu haoni. Kumwekea konea ya marehemu peke yake ni kupoteza konea: bila seli shina, ngozi ya weupe itatambaa tena juu yake.

Holoclar, tiba ya utando wa seli inayotengenezwa Modena, Italia, ilipewa idhini ya masharti na Umoja wa Ulaya mwaka 2015. Hukatwa kipande cha milimita 1 hadi 2 za mraba kwenye ukingo uliosalia mzima. Seli zake hukuzwa maabara juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi zisigawanyike, kisha huoteshwa kwenye duara la fibrini (protini inayogandisha damu) lenye kipenyo cha sentimita 2.2. Kwa kuwa ni seli za mgonjwa mwenyewe, mwili hauzikatai.

Wingi wa seli si hoja. Hoja ni ngapi kati yake ni seli shina halisi. Matokeo ya wagonjwa 112 yaliyochapishwa mwaka 2010 yanaonyesha hivyo waziwazi. Seli zenye protini ya p63 kwa wingi, ambayo ni alama ya seli shina, zilipozidi asilimia 3 ya zile zenye uwezo wa kuzaana, upandikizaji ulifaulu kwa asilimia 78 ya wagonjwa. Zilipokuwa asilimia 3 au pungufu, ulifaulu kwa asilimia 11 tu.

Udhaifu wake mkubwa ni muda. Utando hudumu saa 36, kwenye nyuzi joto 15 hadi 25 za Selsiasi, na haufai kuwekwa kwenye friji. Ndege ikichelewa, umekwisha. Daktari wa upasuaji huondoa kovu lote, hutandaza utando, huchomeka kingo zake milimita 2 hadi 3 chini ya ngozi ya weupe, hushona, kisha hufunga kope. Matone yenye kihifadhi cha benzalkoni yasiguse jicho hilo, kwani huua seli changa. Kope zisizofumba vizuri zirekebishwe kwanza, na jicho lenye uvimbe mkali lisubiri litulie.

Uingereza ilitajiwa bei ya pauni 80,000 kwa jicho moja, kabla ya kodi. Kama jicho la pili ni zima, tunapendekeza njia iliyobuniwa na daktari wa macho Sangwan huko Hyderabad, India: kipande kidogo cha ukingo hukatwa vijipande na kubandikwa moja kwa moja juu ya utando wa kondo la nyuma uliotandazwa kwenye jicho, bila maabara ya seli. Holoclar ibaki kwa walioungua macho yote mawili, wakasaliwa na ukingo mzima wa milimita chache tu za mraba.