Uzoefu wangu na Openfire na Pidgin: orodha ya walio hewani kwa timu ya watu 40

Kitone cha kijani kando ya jina la mtu ni ahadi: mwandikie sasa hivi, atakujibu. Nimepanga orodha ya mawasiliano ya timu ya watu 40 kwenye Openfire, seva ya kutumiana ujumbe ofisini, kompyuta za mezani zikitumia programu ya ujumbe ya Pidgin na simu zikitumia ya Conversations. Kusakinisha seva ni kazi ya mchana mmoja. Kufanya kitone kile kiseme kweli, na orodha itulie mtu anapobofya, ndiko kunakokula muda.

Kwanza lile ambalo Openfire inalifanya vizuri sana. XMPP, itifaki (kanuni za mawasiliano) iliyo chini ya vyote hivi, inataka kila mtu aombe ruhusa ya kuona hali ya mwenzake, na mwenzake akubali. Watu 40 ni jozi 780. Hakuna ofisi itakayomaliza maombi hayo, na aliyesahau kukubali ataonekana kama hayupo hata akiwa amekaa meza ya pili. Dawa yake ni vikundi vya pamoja. Fungua ukurasa wa msimamizi kwenye kivinjari, mlango (port) 9090 wa seva, nenda kwenye watumiaji na vikundi, unda kikundi, tuseme Uhasibu, kisha ingiza wanachama. Halafu washa ushirikishaji wa orodha, andika jina ambalo kikundi kitaonekana nalo, na uchague nani akione: wanakikundi wenyewe, watumiaji wote, au vikundi utakavyovitaja. Mwajiriwa mpya ukimwingiza asubuhi, anatokea kwa kila anayehusika bila kuomba chochote. Mtu akimfuta kwenye Pidgin yake, jina linarudi, kwa sababu kikundi kinamilikiwa na seva. Waambie watu hilo mapema, la sivyo watakuletea malalamiko kila siku.

Kwa watu 40, kila mmoja kumwona kila mmoja si tatizo: wote wakiingia, seva inasambaza taarifa za hali 1,560. Kwa watu 200 zinakuwa 39,800, na hapo ndipo simu zenye bando dogo huanza kuumia. Shirikisha vikundi vinavyofanya kazi pamoja tu.

Majina yasiandikwe ovyo. Linaloonekana kwenye orodha hutoka sehemu ya jina kamili katika akaunti, na programu hulipanga kwa herufi ya kwanza inayoikuta. Ukiandika "Dkt. Asha" na "Bi. Rehema", wenye vyeo watarundikana kwenye D na B, na anayemtafuta Asha kwenye A hatamwona. Cheo kiende mwishoni. Wenye majina yanayofanana waongezewe idara: Juma Ally – Stoo, Juma Ally – Mauzo. Na kwa Mohamed, Muhammad na Mohammed, fuata tahajia anayoitumia mwenyewe kwenye barua zake, maana utafutaji hulinganisha herufi, haujui kuwa ni jina lilelile.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupanga orodha kwa hali, walio hewani juu, wengine chini. Linapendeza kwenye picha ya matangazo. Saa 2 asubuhi watu wanapoingia mmoja mmoja, kila anayeingia anawasukuma wenzake. Mshale uko juu ya Bakari, Asha anaingia, safu inashuka hatua moja, na ujumbe wa mshahara unafunguka kwa asiyehusika. Kwenye Pidgin nenda menyu ya Buddies, kisha Sort Buddies, uchague mpangilio wa alfabeti. Katika menyu hiyohiyo washa kuonyesha wasiokuwepo, ili wabaki mahali pao kwa rangi ya kijivu. Baada ya siku chache mkono unajua mtu yuko wapi bila macho kusoma. Safu za pikseli 24 kwa watu 40 ni pikseli 960, zinaingia kwenye skrini yenye kimo cha 1080 kwa kubanana, ukihesabu pia vichwa vya vikundi. Kunja vikundi usivyoviandikia. Anayetengeneza programu yake mwenyewe asipange upya orodha wakati mshale au kidole kiko juu yake, na kwenye Android safu isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini).

Rangi peke yake haitoshi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani anaona vitone viwili sawa. Tumia na umbo: duara lililojaa kwa aliyepo, mwezi mwandamo kwa aliyetoka, mstari katikati ya duara kwa asiyetaka kusumbuliwa. WCAG 2.1, mwongozo wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka alama kama hizi zitofautiane na mandhari yake kwa angalau 3:1, na kijani kilichopauka juu ya nyeupe hakifiki hapo.

Kijani cha uongo nacho kina sababu yake. Umeme ukikatika, ruta inazima lakini laptopu inabaki hai kwa betri. Hakuna aliyeiaga seva, kwa hiyo seva inaamini muunganisho bado upo. Openfire kwa kawaida husubiri sekunde 360 za ukimya kabla ya kumkata mtu: dakika 6 za kumwandikia asiyekuwepo. Kwenye mipangilio ya miunganisho ya wateja (yaani programu za watumiaji) nimeshusha hadi 120, na kuiacha seva itume ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama bado upo, kabla ya kukata. Usishuke zaidi ya hapo kama timu inatumia simu, kwa sababu kila ping inaiamsha simu na kula betri. Kwenye Conversations washa mpangilio wa kuonyesha umetoka skrini inapofungwa, maana simu iliyo mfukoni si mtu aliye mezani.

Mtu mwenye vifaa viwili huleta utata mwingine. Programu nyingi huonyesha hali ya kifaa chenye kipaumbele kikubwa, na XMPP inaruhusu namba kuanzia -128 hadi 127. Kompyuta ya ofisini yenye 10 ikiachwa imewaka, itaifunika simu yenye 5 hata kama mwenyewe yuko kwenye simu. Toa kipaumbele sawa kwa vyote.

Maneno ya hali yanasaidia kuliko kitone, yakiandikwa kamili. "Narudi saa 8" kwa mmoja ni mchana, kwa mwingine aliyezoea saa ya kompyuta ni asubuhi. Andika "Niko benki, narudi saa 8 mchana". Pidgin huikumbuka hali ya mwisho na kuirudisha ukiingia tena, kwa hiyo ya Jumatatu inaweza kusomeka hadi Alhamisi. Ifute kabla hujaondoka mezani jioni.