Uzoefu wangu na BusyBox: usiku ambao mv ilinigeuka

Saa nane za usiku, niko peke yangu na seva ya mteja, Debian (aina ya Linux) ya zamani kidogo. Kulikuwa na programu ya uhasibu iliyokuwa inalilia toleo jingine la laibrari ya C, na mimi kwa kujiamini kwangu nikaona nisogeze pembeni kwanza iliyokuwapo, faili la libc.so.6 ambalo karibu amri zote hulihitaji ili ziamke, halafu niweke nyingine. Nikaandika mv, amri ya kuhamisha faili, nikabonyeza Enter. Ikatii vizuri kabisa. Nikaandika ls, ya kuorodhesha mafaili, nikajibiwa kwamba libc.so.6 haionekani. cp, ya kunakili, vivyo hivyo. Na mv yenyewe, iliyolihamisha faili hilo sekunde kumi tu nyuma, haikuweza kulirudisha, kwa sababu nayo bila faili hilo haiamki.

Hapo nilikuwa nimekata tawi nililokalia. Dirisha langu la ssh, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, lilikuwa bado hai kwa kuwa bash, sheli inayopokea amri zangu, ilishapakiwa kwenye kumbukumbu, lakini kuingia upya isingewezekana. Nikilifunga tu, kesho yake ni safari ya basi na flashi mfukoni. Cha ajabu, echo * ilikuwa bado inanionyesha majina ya mafaili, maana echo imo ndani ya bash yenyewe. Nikawa kama mtu aliyejifungia nje, anauona ufunguo mezani kupitia dirishani.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo niliacha faili moja kwenye seva hiyo: busybox niliyoikompaili mwenyewe isitegemee laibrari ya nje, nikaijaribia hapo kabla sijakompaili nyingine ya rauta. Nikaandika:

/usr/local/bin/busybox mv /root/libc.so.6 /lib/x86_64-linux-gnu/

Kimya. Nikaandika ls tena, ikajibu. Nilikaa dakika nzima naitazama ile orodha ya mafaili kama barua iliyotoka nyumbani.

Kwa asiyeijua: BusyBox ni amri zaidi ya 300 za Linux zilizofungwa ndani ya faili moja. Zimo ls, cp, grep, sed, awk, tar, vi, wget, hata seva ndogo ya wavuti. Bruce Perens aliianza mwaka 1995, akitaka mfumo wa kuwashia na kusakinishia Debian utoshe kwenye flopi moja, ile ya MB 1.44. Flopi zimekufa, tatizo lake halijafa. Rauta nyingi za bei nafuu zilitoka na MB 4 tu za hifadhi, na humo humo lazima ziingie kerneli (kiini cha mfumo), amri zote na ukurasa wa mipangilio. OpenWrt, mfumo wa Linux wa rauta, inaitumia BusyBox. Alpine Linux, ile Linux ndogo, pia. Kama umewahi kushusha Alpine ya kontena (boksi la kuendeshea programu kivyake) ukashangaa mbona ni MB chache hivi, sababu mojawapo ndiyo hii.

Ujanja wenyewe ni mwepisi mpaka unacheka. Programu yoyote ya Unix ikiitwa huambiwa imeitwa kwa jina gani, na BusyBox hulitazama jina hilo kabla ya kitu kingine. Ukitengeneza kiungo kiitwacho ls kinachoelekea kwenye busybox, faili ni lile lile, ila likiamka linajiona ls. Kiite cp, litanakili. Ni kama jirani yangu: nyumbani ni Baba Asha, gereji ni fundi, msikitini ni ustadhi. Mtu mmoja, na anaitika kulingana na ulivyomwita.

Jambo hili liliwahi kunichanganya. Kwa uvivu wa kuandika nililibadili jina faili nikaliita bb, likanijibu "bb: applet not found". Lilikuwa linatafuta tumboni mwake amri iitwayo bb, na haimo. Jina likianza na busybox, hata likiwa busybox-mpya, linaelewa kwamba ni lenyewe linaitwa.

Nafasi inaokolewa wapi? Ukikompaili programu 100 zisizotegemea laibrari ya nje, kila moja itabeba nakala yake ya vipande vya libc, ile laibrari ya C. Zikikaa faili moja, nakala ni moja. Na kazi za kila siku, kama kusoma vigezo vya amri au kuchapa ujumbe wa kosa, zimeandikwa mara moja tu na zote zinachota hapo hapo. Yangu ina karibu amri zote, na musl, ambayo ni libc ndogo, imo ndani yake, lakini haizidi sana MB 1.

Kuitengeneza si kazi kubwa, lakini si ya dakika tano kama nilivyodhani. Unaanza na make defconfig, kisha make menuconfig, ambayo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote: kila amri ina kisanduku chake cha kuweka alama, na ndani ya amri moja unaweza kuzima hata uwezo mmoja mmoja. Unaweka alama kwenye kipengele cha kutotegemea laibrari za nje, unatoka, unaandika make. Mara ya kwanza musl-gcc, kompaila ya musl, ililalamika haioni mafaili ya vichwa vya kerneli, nikaielekeza yaliko. Mara ya pili ilikwama kwenye amri ya tc, ya kudhibiti mwendo wa data mtandaoni. Toleo nililokuwa nalo, 1.36.1, linagongana na vichwa vya kerneli za karibuni. Nikaizima tc na sijawahi kuikumbuka. Ukitumia glibc, libc ya kawaida ya Linux, badala ya musl itakompailika bila ule ugomvi wa kutoona vichwa, ila utaonywa kwamba kazi za kutafuta anwani za mtandao bado zitazihitaji laibrari za nje wakati wa kuendeshwa. Kwangu mimi hapo faida yote imeshamwagika.

Usiyetaka shida hizi, kwenye Debian andika apt install busybox-static. Liangalie vizuri neno la mwisho, static: maana yake haitegemei laibrari ya nje. Kifurushi kiitwacho busybox peke yake kinategemea libc. Usiku ule kingelala chali pamoja na wenzake.

Sasa malalamiko, maana ninayo. Amri zake ni toleo la mfukoni. Sheli yake ni ash, si bash. Skripti yangu ya chelezo iliyotumia orodha za mabano za bash ilifika kwenye rauta ikakwama mstari wa tatu, kwenye mabano ya kufungua, na ilibidi niiandike upya yote. grep -P, ya kutafuta kwa ruwaza za mtindo wa Perl, haimo. wget yake inafungua https, lakini yenyewe inakuambia waziwazi kwamba haikithibitishi cheti cha upande wa pili, kwa hiyo kushusha kwa njia hiyo kitu utakachokiendesha kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, ni kujitafutia. Halafu kuna suala la mamlaka: su, ya kugeuka mtumiaji mwingine, na ls ni faili moja, kwa hiyo ukilipa faili hilo setuid, yaani ruhusa ya kuendeshwa kwa mamlaka ya root, ili su ifanye kazi, umewapa wote. BusyBox hujivua mamlaka kwa amri zisizoyahitaji, ni kweli, ila mimi nalala vizuri zaidi nikitengeneza mafaili mawili, moja la su na passwd, jingine la hizo nyingine.

Nilichokifurahia bila kutarajia ni kuingiza programu zangu mwenyewe humo. Nilikuwa na vijiprogramu vitatu vya C vya rauta za wateja, kimojawapo kinasoma ni data kiasi gani imepita kila kiolesura cha mtandao. Kila kimoja kinatakiwa kiwe na kitendaji chenye jina lake likifuatiwa na _main, na juu ya faili uandike maoni machache ya mtindo maalumu ambayo mfumo wa kukompaili unayasoma kujua jina la amri na maelezo yake ya menuconfig. Jioni mbili zilitosha. Mwanzoni kila kimoja kilikuwa faili la peke yake lenye libc yake. Sasa vyote vitatu vimeongeza KB chache tu. Ila kumbuka leseni ni GPLv2: ukimuuzia mtu kifaa chenye BusyBox ndani, ana haki ya kupata msimbo wake, pamoja na hivyo ulivyoongeza wewe. Mteja wangu mmoja hilo halikumpendeza.

Kwa ajili yake nilijaribu Toybox, programu ya aina hiyo hiyo. Iliandikwa na Rob Landley, ambaye aliwahi kuisimamia BusyBox, na leseni yake ya 0BSD haikudai chochote. Android ilianza kuja nayo mwaka 2015, kwa hiyo huenda unayo mfukoni sasa hivi. Ni safi na msimbo wake unasomeka vizuri kuliko wa BusyBox, ila sheli yake ilikuwa bado haijaiva nilipoijaribu, na kwangu bila sheli hiyo ni nusu ya chakula. Wa FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, wana njia yao, crunchgen, inayochukua programu za kawaida kama zilivyo na kuzigundisha pamoja; saraka yao ya /rescue imejengwa hivyo. Hiyo nimeiona tu kwa rafiki, sijaifanyia kazi.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya wget na ya ile skripti.

Na ile programu ya uhasibu, kwa anayejiuliza, niliishia kuiweka kwenye kontena yake. Asubuhi mteja aliniuliza mbona mfumo ulisimama usiku. Nikamwambia matengenezo.