Simuleta za mbio: mafuta yanaliwa kihaki ama ni namba tu?

Mi naendesha Probox Mombasa–Malindi mwaka wa kumi huu, na daftari ya mafuta ninayo, kila nikijaza tangi naandika lita na kilomita, kwa hivyo mtu akiniambia gari inakula hivi ama vile siamini hadi nipige hesabu mwenyewe. Sasa huku Nyali kuna mahali pamefunguliwa pa simuleta, kiti cha kulala kama cha gari ya mbio kabisa, steringi inakuvuta mikono, breki ngumu kama ya lori, nusu saa shilingi 300. Wenzangu wanasifu picha na sauti, na ni kweli ni nzuri, lakini mi nilienda na swali moja la mafuta.

Siku ya kwanza niliwekewa gemu ya mbio inaitwa Assetto Corsa, ile ya zamani ya 2014. Nikazunguka weee, geji haishuki hata kidogo. Nikamuuliza kijana, akaniambia "Ami, hiyo tumezima, wateja wakiishiwa njiani wanalalamika." Nikamwomba airudishe asilimia 100, akafanya bila shida. Nanyi mkienda ulizeni hilo kwanza kabla hamjalipa, maana bila mafuta gari haina uzito wa kupungua na hiyo sio mbio.

Ile gemu hesabu yake ni rahisi, ukifungua faili ya gari kwenye kompyuta utaiona imeandikwa: mizunguko ya injini mara kiasi ulichokanyaga pedeli mara namba ya ulaji iliyowekewa hiyo gari, gawa kwa 1000, hizo ndizo lita kwa sekunde. Ukikaa fuli kwenye mizunguko ya juu inakaribiana na ukweli, lakini pedeli sio hewa jamani. Probox yangu ni ya manuali, nikiwa gia ya juu napandisha kutoka daraja la Mtwapa mizunguko iko chini, nikikanyaga nusu tayari injini imevuta karibu hewa yote inayoweza kuvuta, nikizamisha mguu hadi chini tofauti ni ndogo, lakini kwa ile hesabu ya gemu mafuta yanakuwa mara mbili. Hapo imekosea.

Siku ya pili nikataka Assetto Corsa Competizione, ya 2019, gari za GT3, yaani gari za mbio zilizotengenezwa kutokana na gari za barabarani, barabara ya Monza kule Italia, kilomita 5.793 kwa mzunguko. Hapa kwenye skrini inakuonyesha lita kwa kila mzunguko na yaliyobaki yatakufikisha wapi. Mi nikizunguka kwa dakika 1 na sekunde 52 inasema lita 3.2. Nikatoa simu nikapiga hesabu hapo hapo kitini: GT3 ni kama nguvu farasi 500, yaani kilowati 370, injini ya petroli ikifanya kazi ngumu inakula kama gramu 300 kwa kila kilowati kwa saa, hiyo ni kilo 111 kwa saa, na lita moja ya petroli ni kama kilo 0.75, unapata lita 148 kwa saa. Sekunde 112 ni lita 4.6, lakini fuli nakanyaga kama asilimia 70 tu ya mzunguko, ukitoa hiyo unabaki na 3.2. Ile ile! Wallahi nilisisimka. Ni chini ya kilomita 2 kwa lita, Probox inanipa 14.

Kisha tukashindana mizunguko 8 na kijana wa kiti cha pili, mi nimetia lita 24 kwa makosa, nilitakiwa kutia karibu 26. Baada ya mizunguko miwili nimebaki na 17.6 na mizunguko 6 mbele, kwa hivyo lazima nile 2.9. Nikaanza kuachia aksleta mapema kabla ya kona ya kwanza, kama mita 100 hivi, gari ikiwa ndani ya gia, kama ninavyoachia nikiona bampu. Mzunguko uliofuata 2.9, nikapoteza kama sekunde moja. Nikafika na tone tu kwenye tangi.

Hii ndio sehemu iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu barabarani wengi wetu tukishuka mlima tunaweka fri tukidhani tunaokoa, kumbe gari ya injekta ukiachia ndani ya gia injekta zinafungwa kabisa, ukiweka fri inabidi inyunyize ili isizime. Nimewaambia madereva wenzangu wawili wa stejini na wamekubali kujaribu wiki hii tulinganishe daftari.

Kuna pia mapu za injini za kubadilisha, yaani mipangilio ya nguvu na mafuta, ukichagua ya kuokoa gari inazembea kwenye mnyooko lakini lita zinapungua, hiyo pia iko sawa. Ambacho sijaona ni plagi iliyochoka ama filta ya hewa iliyojaa vumbi, vitu vinavyotula sisi kila siku.

Mahali penyewe ni pasafi, AC inafanya kazi. Kiti cha pili pedeli ya breki inalegea skrubu, chukueni cha kwanza ama cha tatu, na mwambieni kijana awape Competizione na mjaze mafuta wenyewe.