Wiktionary na Safari ya Neno «Wiki»

Kamusi nyingi huanza na lugha, kisha zikapanga maneno ndani ya lugha hiyo. Wiktionary, kamusi ya mtandaoni inayoandikwa na wasomaji wenyewe, imepindua utaratibu huo. Inaanza na tahajia, na kila tahajia ina ukurasa wake mmoja, ambamo lugha zote zenye neno linaloandikwa hivyo zimepangwa moja baada ya nyingine, kila moja na maana zake, na mara nyingi asili na matamshi yake pia. Nimeitumia kwa miaka kadhaa katika kazi ya kutafsiri, na mtu akiniuliza ubora wake uko wapi, humwambia afungue ukurasa wa neno fupi, asome kuanzia juu hadi chini bila kuruka lugha asizozijua.

Neno zuri la kuanzia ni «wiki», kwa kuwa limo katika jina la kamusi yenyewe. Katika Kiswahili wiki ni siku saba, na tumelikopa kutoka Kiingereza, ambacho nacho kililirithi kutoka lugha mama ya jamii ya Kijerumani, likihusiana na kugeuka na kupokezana zamu. Kimaori cha New Zealand nacho kina wiki, kwa maana ileile ya siku saba. Msomaji mwenye pupa atadhani amegundua udugu uliofichika, lakini udugu huo haupo: Kiswahili ni cha Kibantu na Kimaori ni cha Kipolinesia. Kila lugha ilikopa kwa wakati wake kutoka Kiingereza, na kwa kuwa zote mbili hupenda silabi zinazoishia na irabu, mkopo ukavishwa vazi lilelile.

Kinachonivutia zaidi ni Kihawaii. Lugha hii na Kimaori ni ndugu wa damu, lakini wiki ya Kihawaii haina uhusiano wowote na siku saba. Maana yake ni haraka, na likirudiwa, wikiwiki, linatia mkazo kama sisi tunavyosema harakaharaka. Wahawaii wakitaka kutaja siku saba husema pule, neno ambalo pia ni sala, na Mswahili atakumbuka hapo kwamba juma letu nalo limetokana na neno la Kiarabu la siku ya kukusanyika kwa sala. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaandika neno moja lenye asili mbili tofauti, ilhali wageni wawili wasiojuana wanaandika neno lenye asili moja. Programu moja ya kamusi niliyowahi kuilipia iliishia kwenye «siku saba» tu, na hapo ndipo nilipoiacha.

Safari haikuishia Hawaii. Mwaka 1995 mtaalamu wa programu wa Marekani, Ward Cunningham, alipotafutia jina mfumo wake wa kurasa za mtandao ambazo msomaji angeweza kuzihariri papo hapo, alikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki. Kutoka hapo neno likaingia Kiingereza, likazaa Wikipedia, na mwezi Desemba 2002 likazaa Wiktionary, ambayo toleo lake la Kiswahili linaitwa Wikamusi. Sasa tuna wiki mbili, moja yenye mizizi Ulaya na nyingine Pasifiki, na zote zimetufikia kupitia mlango wa Kiingereza.

Ukurasa wa «kaka» nao unastahili kusomwa. Kaka wa Kiswahili ni ndugu wa kiume. Kaka ya Kiswidi ni kitu cha kuoka, nayo imetoka katika Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, chimbuko lilelile lililowapa Waingereza neno ambalo sisi tumelifanya keki. Haina nasaba na kaka yetu, lakini ni jamaa ya karibu ya keki yetu.

Mtumiaji ajue mambo mawili. Kwanza, toleo lililo pana zaidi limeandikwa kwa Kiingereza, na alama ndogo juu ya herufi hutenganisha kurasa, hivyo kākā, kasuku wa Kimaori, hayumo pamoja na kaka bali yuko kwenye ukurasa wake. Pili, kazi yote ni ya watu wa kujitolea, na kina cha maelezo hutofautiana sana: lugha moja itapewa aya tatu za asili na nyingine mstari mmoja. Panapodaiwa asili ya neno, mimi hutazama kwanza kama kuna marejeo, kisha nikafungua historia ya ukurasa kuona nani alibadilisha nini na lini. Na pale ambapo sehemu ya Kiswahili ni fupi kuliko inavyostahili, kiungo cha kuhariri kipo kando ya kichwa chake, nami nakisihi kila kidole kinachojua asili ya neno kikibonyeze.