Bomba la tagi kijijini kwetu: miezi minane baadaye

Kila nikienda mnadani watu wa vijiji jirani wananiuliza: hivi lile bomba lenu la tagi, la kulipia kabla ya kuchota maji, linafaa, au ni ulaji mwingine? Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwetu ni Iramba, Singida. Kabla ya bomba hili tulikuwa tunafukua mchanga korongoni, unakaa unasubiri maji yajikusanye, unachota kikombe kwa kikombe. Ikifika Oktoba unanunua kwa wenye punda, dumu la lita 20 shilingi 500, na likilala usiku mmoja asubuhi unakuta tope limetuama chini. Kisima kirefu tulikuwa nacho, tena na mashine ya dizeli. Ila hela ya mafuta ilichangwa mkononi ikapotelea mkononi. Mashine ilipokufa hakukuwa na hata ya kumwita fundi.

Sasa pampu ni ya sola, na kila kituo kina bomba lenye kisanduku. Tagi yenyewe ni kidude cha plastiki unachoweza kukitia kwenye pete ya funguo. Ukiigusisha kwenye kisanduku maji yanatoka, ukiiondoa yanakata, na unakatwa kwa ulichochota tu, hata kiwe kikombe. Salio unaongeza kwa simu au kwa wakala. Kwetu ndoo ya lita 20 ni shilingi 40, yaani 2,000 kwa uniti (lita 1,000). Nyumba yangu ya watu sita inakula ndoo sita kwa siku, shilingi 240. Zamani hiyo haikununulii hata nusu dumu la punda.

Lakini bei siyo iliyonikosha zaidi. Ni saa. Kioski cha maji cha zamani, muuzaji akienda msibani, kijiji kizima kinalala na kiu. Siku hizi binti yangu anachota saa kumi na mbili asubuhi, anawahi namba shuleni.

Kero sasa. Mwezi wa tatu nilituma 2,000, hela ikakatwa kwenye simu, tagi ikabaki sifuri. Namba ya msaada wananiambia subiri, mama, mtandao. Hela ilikuja siku ya tatu. Siku hizo zote nilikuwa naazima tagi ya jirani kama naazima chumvi. Masika nako, mawingu yakikaa siku mbili tatu, tenki linakauka. Na mashine haikopeshi. Mama wa kioski ulikuwa unamwambia "nitakuletea kesho" anaandika kwenye daftari. Kisanduku hakina daftari.

Maji yana chumvichumvi, chai tumeshaizoea. Mimi hofu yangu ilikuwa floridi, madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi, maana ukanda wetu huu unaona watoto wana meno ya kahawia, na floridi huitoi kwa kuchemsha. Ukichemsha sana maji yanapungua, floridi inabaki. Nikaomba karatasi ya maabara kwa viongozi wa chombo chetu cha watumia maji. Nilizungushwa wiki tatu, nikaipata: milligramu 1.1 kwa lita, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kama bado hawajawachimbia, daini karatasi hiyo kabla ya kuchangia hata senti.

Na msilaumu bomba kwa makosa ya dumu. Mwanangu aliumwa tumbo nikaanza kulalamika, kumbe dumu letu lilikuwa na utelezi wa kijani ndani. Nimelisugua kwa mchanga na sabuni, na ya kunywa natia dawa ya klorini.

Wenye mradi nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku salio litakapoingia hapo hapo.

Mama mkwe ndiye aliyeipinga zaidi, akisema maji ni ya Mungu. Sasa tagi yake ameifunga kwenye pindo la kanga, panapokaa hela. Juzi ilikuwa na shilingi 60. Akachota ndoo na nusu, akasema hiyo nusu ni ya kuku.